Herufi zimebadilika, je, na mimi nimebadilika?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 28, ni mhasibu katika kampuni ya usambazaji hapa Morogoro. Mwaka jana tulifanyiwa semina kazini, tukajaza ule mtihani wa haiba wa herufi nne, nikatoka INFP. Mwezi uliopita nimeurudia mtandaoni, nimetoka ISFJ. Kanisani, kwenye semina ya wachumba, nimeambiwa mimi ni melankoli, yaani mtu wa mawazo na huzuni, na mchumba wangu ni koleriki, yaani mwenye hasira za haraka, kwa hiyo tutasumbuana. Afisa rasilimali watu naye ameshasema watu wa aina yangu hawafai kuongoza. Ni kweli kwenye vikao vya kazini sisemi kitu, hata nikiona kosa kwenye hesabu, halafu usiku silali nikiwaza nilichotakiwa kusema. Cha ajabu, kwenye VICOBA yetu mimi ndiye mhazini na wadaiwa wananiogopa. Mchumba wangu akifoka husema, "Sisi makoleriki ndivyo tulivyoumbwa." Nataka kujijua na nataka kubadilika. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma macho yanasimama kwenye ile sentensi ya VICOBA. Umeitaja kwa kupita tu, na kwangu ndiyo yenye habari kuliko herufi zote ulizopewa. Nitaifikia. Tuanze na herufi zenyewe, kwa sababu naona zimekutia hofu.

Mtihani huo, uitwao Myers-Briggs (MBTI), ulitungwa na watu wenye nia njema. Daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, alichapisha mwaka 1921 kitabu kuhusu aina za watu: wanaopata nguvu wakiwa na wenzao na wanaozipata wakiwa na mawazo yao, wanaoamua kwa hoja na wanaoamua kwa kupima hisia. Mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, alivutiwa na mawazo hayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili binti yake, Isabel Briggs Myers, akayageuza kuwa maswali ya kujaza, akitaka kuwasaidia watu kupata kazi zinazowafaa. Hawakuwa wamesomea saikolojia. Waliamini kwamba tofauti za watu haziwi kasoro kwa kuwa tofauti tu, na hilo nalikubali kwa moyo wote. Nimekutana na watu waliokua wakiulizwa "mbona huchangamki kama wenzako", na siku waliposoma maelezo ya aina yao waliona wamepata ruhusa ya kuwa walivyo. Kama herufi zilikupa nafuu hiyo, usiitupe.

Tatizo liko kwenye kukata. Tuseme tumeamua kila mwanamke mwenye sentimita 160 kwenda juu aitwe mrefu, aliye chini ya hapo aitwe mfupi. Mwenye 159 na mwenye 161 wataandikwa makundi mawili, ingawa wakisimama pamoja humjui nani kamzidi mwenzake, na huyo wa 161 atawekwa kundi moja na mwenye 180. Haiba nayo imekaa hivyo: katika karibu kila sifa, watu wengi wako katikati. Jung mwenyewe alisisitiza kwamba hakuna mtu aliye wa upande mmoja mtupu. Ndiyo maana David Pittenger, alipopitia tafiti za mtihani huu mwaka 1993, alionyesha kwamba hadi nusu ya watu wanaweza kupewa aina nyingine wakirudia baada ya wiki tano tu.

Sasa angalia zako. I (anayepata nguvu akiwa na mawazo yake) na F (anayeamua kwa kupima hisia) zimebaki palepale mara zote mbili. N (anayevutwa na mawazo na picha kubwa) imekuwa S (anayeshika yale anayoyaona na kuyagusa), na P (anayeacha mambo wazi) imekuwa J (anayepanga mapema). Maana yake ni kwamba kwenye sifa mbili hizo uko karibu na katikati, ukisukumwa kidogo unavuka mstari. Na cha kukusukuma hakikosekani. Mhasibu anayejibu "je, unapenda kupanga mambo mapema?" akiwa anafunga hesabu za mwisho wa mwezi hatajibu kama yule anayeulizwa akiwa likizo kijijini. Hukudanganya mara ya kwanza wala ya pili, na hujageuka mtu mwingine.

Utaniuliza: mbona maelezo yote mawili yalinigusa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa haiba, kisha akamrudishia kila mmoja "matokeo yake binafsi" na kumwomba ayape alama kati ya 0 na 5 kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, ambayo Forer aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu. Nani asiyeguswa akiambiwa kwamba wakati mwingine huonekana mtulivu kwa nje huku ndani ana mashaka? Kuguswa, kwa hiyo, si ushahidi. Ukitaka kujipima kwa haki, chukua maelezo ya aina tatu au nne, futa majina na herufi, mpe dada yako au rafiki wa siku nyingi, umwombe achague yapi yanakuhusu. Akisitasita kati ya mawili, umejifunza kitu.

Lakini kubwa zaidi kwako ni kile ambacho mtihani ule wa asili haukipimi kabisa. Wanasaikolojia wengi leo hutumia sifa kuu tano, ambazo hawazikati makundi. Kila mtu ana kiasi chake, kingi au kidogo. Kuna uchangamfu, kuna upole na ushirikiano, kuna bidii na utaratibu, kuna udadisi wa mawazo mapya, na kuna wasiwasi, yaani wepesi wa kuingiwa na hofu, huzuni na hasira. Robert McCrae na Paul Costa walipolinganisha mifumo miwili hiyo mwaka 1989, waliona herufi nne zinagusa sifa nne za kwanza kwa namna fulani. Ya tano, wasiwasi, haimo. Tovuti nyingine siku hizi huongeza herufi ya tano kuziba pengo hilo, ila wengi hata hawaitazami.

Na shida uliyoniandikia iko hapo hapo. Ukimya kikaoni unaweza kutoka sehemu mbili tofauti. Mtu mkimya kwa hulka hukaa kimya kwa sababu hana haja ya kusema. Akitoka anaweza kuwa amechoka na zogo, lakini anakula chakula chake cha jioni na kulala. Mwenye hofu ana jambo la kusema, analijua, linamkaba kooni, na usiku analirudia neno kwa neno. Wewe umeniambia huwa hulali. Basi herufi I, hata kama ni ya kweli, haielezi usiku wako. Kinachokunyamazisha kwa sehemu kubwa ni hofu, na nafurahi kukuambia kwamba kati ya sifa zote tano hii ndiyo iliyoonekana kusogea zaidi mtu akisaidiwa. Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 mwaka 2017 wakaona kwamba ushauri na tiba ya kisaikolojia hubadilisha haiba kwa kiasi kinachopimika, kwa wastani wa wiki 24, na mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa kwenye utulivu wa hisia.

Sasa VICOBA. Mwaka 2001 William Fleeson alichapisha utafiti ambao naona kila anayetumia mitihani hii angepaswa kuujua. Aliwafuatilia watu siku baada ya siku, wakiandika mara kadhaa kwa siku walivyokuwa wanajisikia na kutenda saa hiyo: wachangamfu kiasi gani, wapole kiasi gani, watulivu kiasi gani. Mtu mmoja ndani ya wiki zake chache alitofautiana na nafsi yake karibu sawa na watu wanavyotofautiana wao kwa wao. Mkimya huwa na saa zake za kuongea sana, na mchangamfu huwa na saa zake za kimya. Wastani wako unadumu, na ndio tunaouita haiba. Saa moja moja, hata hivyo, zinaamuliwa sana na mahali ulipo, nani yuko mbele yako na una kazi gani pale.

Tuangalie basi hizo saa zako mbili. Jumamosi uko kwenye kikundi. Kitabu kiko mapajani, hisa na marejesho yameandikwa kwa jina, katiba inasema faini ni kiasi gani kwa anayechelewa. Zamu yako ya kusoma hesabu inajulikana, na ukifika hapo mwenyekiti anakuita kwa cheo. Mama mkubwa kuliko mama yako mzazi amechelewesha rejesho la pili, nawe unamwambia, kwa adabu lakini bila kuyumba, "Mama, tunakudai." Jumatatu uko ofisini. Ajenda haijagawiwa. Meneja anaanza kuongea yeye, na akishatoa maoni yake wengine wanayaunga mkono. Hakuna aliyekupa zamu. Kosa umeliona kwenye safu ya tatu ya taarifa ya mauzo, lakini kulisema ni kumkatiza mkubwa mbele za watu.

Mdomo ni uleule, sauti ni ileile. Kinachokosekana Jumatatu ni cheo kinachokupa ruhusa, karatasi mkononi na zamu. Tunaweza kuvisogeza vitatu hivyo, na hapo ndipo kujijua kunapoanza kukufaa. Mwombe meneja, kwa ujumbe mfupi siku mbili kabla ya kikao, upewe dakika tano za taarifa ya fedha kila Jumatatu. Maombi ya namna hii kwa mhasibu hayamshangazi mtu, na wakubwa wengi huyafurahia. Ingia na karatasi yako uliyoichapa. Kisha jiwekee sentensi moja ya "ikiwa hivi, nitafanya hivi", njia ambayo Peter Gollwitzer ameichunguza kwa miaka mingi na kuona inasaidia kuvuka pengo la kutaka na kutenda. Sentensi yako iwe: "Meneja akimaliza kusoma mauzo, nitauliza swali moja kuhusu namba iliyo mbele yangu." Swali linatosha. "Samahani meneja, hii ya safu ya tatu inajumuisha mzigo uliorudishwa?" Umelifikisha kosa mezani bila kumwambia mkubwa amekosea, jambo ambalo kwetu lina uzito wake na sikushauri ulipuuze.

Anza na dogo kiasi kwamba huwezi kulikwepa, kisha uandike kwenye daftari: tarehe, kikao gani, hofu ilikuwa ngapi kati ya kumi kabla, ulisema au hukusema, hofu ilikuwa ngapi baada. Maneno matano au sita yanatosha. Nakusisitizia kuandika ulichofanya kwa sababu ya utafiti wa Nathan Hudson na wenzake wa mwaka 2019. Wanafunzi 377 waliotaka kubadilisha haiba zao walipewa kazi ndogondogo za kutenda kwa wiki 15. Waliokamilisha kazi walisogea. Waliokubali kazi bila kuzifanya hawakusogea, hata kama nia yao ilikuwa kubwa. Mwezi wa kwanza usitazamie kulala usingizi wa mtoto. Tazama ile namba ya baada ya kikao kama inashuka.

Kuna jambo jingine la kufanya ambalo ni la bure na watu huliogopa: kuuliza watu. Simine Vazire alionyesha mwaka 2010 kwamba mtu hujijua vizuri kuliko wenzake kwenye mambo ya ndani kama wasiwasi. Kwenye mambo yenye sifa na aibu kwa jamii, mfano ubunifu na akili, rafiki humwona vizuri kuliko anavyojiona mwenyewe. Kwa hiyo kuhusu hofu yako, jiamini unavyojisikia. Kuhusu kama unafaa kuongoza, muulize katibu wa kikundi chenu na yule mwenzako wa dawati la jirani. Usiwaulize "mimi nikoje", watakupa sifa za heshima tu. Waulize: "Ni lini umeniona nikifanya vizuri zaidi? Ni lini umeniona najizuia?" Kisha nyamaza, usijitetee, andika.

Nisiache kusema hili kuhusu mitihani na sisi. Mingi ilitungwa na kupimwa kwa watu wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichunguza maswali ya sifa kuu tano yalipoulizwa ana kwa ana katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakaona mara nyingi hayapimi kilichokusudiwa. Sababu moja ni kwamba watu huelekea kukubali kila sentensi wanayosomewa. Nadhani unaijua hali hiyo: mgeni kakaa mbele yako na fomu, unamjibu "ndiyo" kwa heshima. Na Gerard Saucier na wenzake, walipochunguza maneno ya tabia katika lugha tisa, Kimaasai ikiwemo, walikuta sifa mbili tu zinazojitokeza kote: moja ya kujizuia na kuishi vizuri na watu, nyingine ya nguvu na ushupavu. Tano hizo, basi, nazitumia kama chombo kizuri tulichonacho kwa sasa, na napendelea zaidi daftari lako.

Kwa afisa rasilimali watu nitasema wazi kwamba amekosea. Wanaousimamia mtihani wa herufi nne wenyewe wanakataza kuutumia kuchagua nani aajiriwe au apewe nafasi. Hauna kipimo cha uwezo hata kidogo. Huna haja ya kugombana naye, lakini nafasi ikitangazwa omba, na kwenye barua taja miaka uliyosimamia fedha za kikundi, idadi ya wanachama na kiwango cha marejesho. Hiyo ni rekodi ya uongozi.

Nimebakiza la mchumba, na ndilo nililolitafakari sana.

Makundi manne ya sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki ni ya kale mno. Yametoka kwa matabibu wa Kiyunani walioamini kwamba mwili unaongozwa na majimaji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Galen aliyaendeleza katika karne ya 2, Ibn Sina akayarithi, na tiba hiyo ikafika hadi pwani yetu, ambako mpaka leo utasikia wazee wakisema chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha joto. Makanisani yameingia zaidi kupitia vitabu vya wahubiri wa Marekani kuanzia miaka ya 1960. Hakuna majimaji ya namna hiyo yanayotawala tabia, na sayansi iliachana nayo zamani. Mwalimu wa semina aliyetumia majina hayo kuwafanya mzungumze habari za tofauti zenu alifanya jambo jema. Aliposema mtasumbuana kwa sababu ya majina, alivuka alichokijua. Utafiti wa mwaka 2010 uliotumia wanandoa maelfu wa Australia, Uingereza na Ujerumani uliona kwamba kufanana au kutofautiana kwa haiba kunaeleza sehemu ndogo mno ya furaha ya ndoa. Kilichohesabika zaidi ni kila mmoja alivyo: upole wake, uwajibikaji wake, utulivu wake wa hisia.

Kwa hiyo swali la "melankoli na koleriki wanaendana?" liache. Swali lako ni hili: huyu mwanaume akikasirika anafanya nini, na baadaye anafanya nini? Anafoka, halafu anasema ameumbwa hivyo. Hapo nina wasiwasi, binti yangu. Mwenye hasira za haraka anaweza kuwa mume mwema sana, nimewaona, na wote walikuwa na kitu kimoja: waliita hasira yao kazi yao wenyewe. Walitoka nje kabla ya kufoka, walirudi wakaomba radhi kwa neno walilolisema, hawakumwachia mke jukumu la kuwavumilia. Aina ya haiba inapogeuzwa cheti cha kutobadilika, imeshaacha kumsaidia aliyeishika na imeanza kumuumiza aliye karibu naye. Na wewe pia usiseme "mimi melankoli, ndiyo maana nanyamaza" anapokufokea, kwa sababu ukimya huo sasa unajua unatoka wapi.

Mwambie siku ambayo hakuna ugomvi, mkiwa mmetulia, kwa maneno ya tendo: "Juzi uliponipandishia sauti mbele ya wadogo zangu niliumia. Nakuomba ukihisi hasira inapanda, uniambie tutazungumza baadaye, na tuzungumze kweli." Mpe muda wa miezi kadhaa kabla ya kupanga tarehe ya mahari, na uangalie matendo kama ulivyoangalia marejesho ya wadaiwa wako. Mwangalie pia anavyosema na mhudumu wa mgahawa, na pia na mdogo wake akikosea. Akijitahidi, hata kwa kuanguka na kuinuka, mrudi wote wawili kwa mchungaji au kwa mshauri mliyemwamini mzungumze zaidi. Akicheka ombi lako, au sauti ikageuka mkono, usisubiri semina nyingine: waambie wazazi au mtu mzima unayemwamini, na kama umeguswa mwilini nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, maana lipo kwa ajili hiyo.

Na kama baada ya miezi miwili ya daftari usiku wako haujabadilika, au hofu imesambaa ukaanza kutafuta sababu za kutokwenda kazini, muone mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea, hospitali ya mkoa itakuelekeza. Nenda na daftari. Usihangaike kumtajia herufi. Msomee Jumatatu tatu na Jumamosi tatu, ataanzia hapo.